Mashine Isiyokunywa Mafuta

Mtukufu Enogie, mtawala wa kijiji chetu. Mheshimiwa Mchungaji Iyamu na mama mchungaji. Wazee wa kanisa. Wakunga wa nyumba yetu ya uzazi. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi akina mama wenzangu mliofunga vilemba virefu hata walio nyuma yenu hawanioni: Bwana asifiwe!

Mimi Mama Aisosa, mwenyekiti wa akina mama, nimepewa kazi ya kuishukuru mashine hii, kisha tukate utepe. Niseme nini? Tangu asubuhi naomba Mungu anipe neno, na kila neno likija, jingine linakuja kulikanusha.

Mnajua tulikotoka. Umeme wa serikali huja kama mgeni asiye na adabu, bila hodi, na huondoka bila kuaga. Dizeli nayo imepanda bei hata mkunga wetu, Mama Izogie, hana budi kuchagua: awashe jokofu la dawa, au taa ya chumba cha kuzalia? Ndipo ndugu yetu Osaretin akatoka kwenye mfungo akasema Mungu amemwonyesha mashine isiyokunywa dizeli wala petroli. Betri inaizungusha, nayo ikizunguka inaijaza betri, basi, hivyo hivyo milele. Nani kati yetu hakulia siku ile? Taa iliwaka! Niliigusa kwa mkono wangu, ikaniunguza. Mungu aliyewalisha watu wake jangwani, atashindwaje na balbu?

Lakini wapendwa, niwaambie lililo moyoni. Sisi wa kanisa hili hatukiri kushindwa. Mtu ana homa, hasemi anaumwa, anasema, "Nina nguvu." Ni mafundisho mazuri, yameniinua mimi mjane. Sasa, juzi nilikwenda nyumba ya uzazi, nikaikuta mashine kimya. Nikamuuliza Shemasi Efosa, "Vipi, imezima?"

Akaruka kama nimemtukania mama yake. "Mama Aisosa! Futa neno hilo! Haijazima, inapumzika."

"Inapumzika tangu lini?"

"Tangu ilipozidiwa na nguvu."

Mama Izogie naye, nilipomuuliza kama inamtosha, akanijibu, "Inanitosha kwa jina la Yesu. Ila ukija, mama, njoo na tochi."

Mnacheka? Mimi sikucheka. Maana sote tumemwambia Osaretin kwamba mashine ni nzuri, naye akatuamini. Na kwa kuwa ametuamini akatuambia ni nzuri, nasi tukamwamini. Nani alianza? Nikiomba nasikia, "Amini." Nikinyamaza nasikia, "Uliza." Na sauti hizo mbili, ndugu zangu, zinafanana kama mapacha.

Pale getini Alhaji Garba anasubiri na lori lake. Utepe ukikatwa tu, anaibeba jenereta yetu ya zamani ya dizeli, ameshainunua. Na ndani ya nyumba ile ya uzazi yumo Aisosa wangu, mtoto wangu wa pekee. Uchungu umemshika tangu alfajiri. Nitaishukuruje mashine, nami sijui naishukuru kwa lipi?

Osaretin, mwanangu, simama. Usimtazame Mchungaji, nitazame mimi. Sikuulizi kama una imani. Unayo kuliko sisi, umekonda kwa ajili ya mashine hii. Nakuuliza hivi tu: itawaka mpaka Aisosa ajifungue?

Sema kwa sauti, mama zako wasikie.

"Sijui, Mama."

Mmemsikia? Wazee, msimkemee! Akina mama, mpigieni vigelegele! Kwa miezi yote hii, hilo ndilo neno la kwanza nililoweza kulikanyaga kama ardhi ngumu, lisititie. Pengine mashine hii ni ya Mungu na bado changa. Pengine ni betri tu, inakufa polepole huku sisi tunaiimbia. Mimi sijui, na leo sioni aibu kusema hivyo mbele za Bwana. Kaa, mwanangu, ukaendelee kuipima, nasi tutakuombea, na safari hii tutakueleza tunachokiona.

Alhaji, utuwie radhi, kula wali wetu, fedha yako utarudishiwa. Shemasi Efosa, inuka, kaiwashe ile ya zamani.

Utepe utangoja. Mungu awabariki kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu. Sasa niruhusuni, Aisosa wangu ananiita.