Mkono Usioachia: Wasifu wa Marehemu Gerwig Pfleiderer wa Tübingen (1951–2023)

Kabla ya mengine yote, ieleweke kwamba marehemu Gerwig Pfleiderer hakuwa mlevi. Hakuwa amelewa Jumapili ya tarehe 14 Mei mwaka huu, alipobaki ananing'inia kwenye upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, katikati ya Mto Neckar mbele ya mji mzima, wala hakufa kwa ulevi. Hayo yamesemwa sokoni. Yamesemwa kwenye ngazi za nyumba anayoishi mjane wake, majirani wanapokabidhiana zamu ya kufagia. Wiki iliyopita yamesemwa mlangoni pa kanisa, mjane akiwa amesimama hapo hapo. Mjane ana masikio. Wasifu huu ameuandika yeye, na unasomwa na Kilian, mtoto wa dada wa marehemu, ambaye ameombwa asiongeze neno wala kupunguza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Mössingen, mtoto wa pili wa fundi mapipa Gottlob Pfleiderer na mkewe Lydia. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto alipotoka tu alikamata kidole cha mkunga, akakataa kukiachia, mpaka mkunga akauliza, "Mama, huyu ni wako au niende naye?" Kwa miaka mingi kisa hicho kilichekesha kila sikukuu ya kuzaliwa kwake.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao, kisha sekondari hapa Tübingen, akija kwa treni ya asubuhi na kurudi kwa ile ya saa saba. Mwaka 1970 aliingia Chuo Kikuu kusomea jiografia. Walimu wake walimsifu kwa bidii, ingawa mama yake alidai bidii yenyewe ilikuwa mtoni. Ni kweli kwamba mwaka wa kwanza alijifunza kusimama kwenye tezi, kule nyuma ya mtumbwi, na kupiga upondo, na tangu hapo hakukaa kiangazi hata kimoja bila kuwa juu ya maji.

Mwaka 1974 timu yake ilishika mkia katika mashindano ya mitumbwi ya mwezi Juni. Kila mtu hapa anajua malipo ya wanaoshika mkia: kunywa mafuta ya ini la samaki hadharani, kila mmoja kikombe chake kikubwa. Aliyekuwa akimimina mafuta hayo alikuwa mwanafunzi wa famasia, Irmtraud Gessler. Wenzake walikunywa huku wameziba pua. Gerwig alikunywa chake chote, akafuta midomo, akakirudisha kikombe.

"Dada, kuna kingine?"

"Utatapika, kaka."

"Nikitapika utanihudumia. Si ndiyo masomo yako?"

Alitapika, na alihudumiwa. Walifunga ndoa tarehe 2 Oktoba 1976 katika kanisa kuu la mjini, wakajaliwa watoto wawili, Hedda na Volkmar. Irmtraud alipata udaktari wake wa famasia na kusimamia duka la dawa kwa miaka ishirini na tisa. Katika nyumba yao divai ilikuwa ya Krismasi na ya ubatizo. Anayesema vinginevyo hajawahi kukaribishwa mezani pao.

Kuanzia mwaka 1978 hadi 2014 marehemu alifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari ya mji huu. Kila Julai aliwapeleka wanafunzi wake mtoni, darasa zima kwa zamu, na kila mmoja alishikishwa upondo. Wengi wenu mliopo hapa mmeusikia wimbo wake: "Upondo ukinasa matopeni, uachie! Mtumbwi hausubiri mtu. Upondo tutaurudia baadaye." Aliyesahau alibaki juu ya upondo kama kunguru, mtumbwi ukaenda zake, na mwalimu akacheka mpaka akakaa chini. Baada ya kustaafu alipata kibali cha chama cha wapiga upondo kubeba wageni wa mji na wa Chuo, kutoka chini ya mnara wa manjano, kukizunguka kisiwa, mpaka darajani na kurudi. Chama kilimheshimu. Hakuna mgeni aliyewahi kulowa hata kiatu.

Sasa tufike kwenye hiyo Jumapili, kwa kuwa kila mtu ameisimulia isipokuwa waliokuwa na haki ya kuisimulia.

Ilikuwa Siku ya Mama. Nyumbani walikula maandazi ya nyama ndani ya mchuzi na saladi ya viazi, na walikunywa juisi ya tofaa iliyochanganywa na maji. Alasiri marehemu alibeba maprofesa wageni sita. Jua lilikuwa linawaka, na ukuta wa mtoni ulijaa vijana waliokaa miguu inaning'inia. Karibu na nguzo ya daraja upondo ulinasa. Mtumbwi ukaendelea. Marehemu hakuuachia upondo.

"Mwalimu, uachie!" akapiga kelele mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake zamani. "Si wewe uliyetufundisha?"

"Babu, huo mti una nini? Umeuoa?"

Ukuta wote ukacheka. Maprofesa wakaelea mpaka kwenye mierebi, mmoja akisukuma maji kwa kofia yake. Upondo ukainama taratibu, na marehemu akashuka nao majini, umemng'ang'ania mkononi. Bwana Wendel Kächele, aliyekuwa nyuma na mtumbwi wake, ndiye aliyemfikia, na ilibidi avibandue vile vidole kimoja kimoja.

"Gerwig, umekunywa nini wewe?"

"Glasi mbili, Wendel. Za mchana. Zimenipanda kichwani."

Uvumi wote umetoka hapo. Umetoka mdomoni mwake mwenyewe. Jioni hiyo, akiwa bado na matope shingoni, aliulizwa nyumbani na Irmtraud, Traudl wake.

"Glasi gani mbili, Gerwig? Meza hii imeona juisi."

"Waache waseme nimelewa, Traudl."

"Mimi niende dukani nikasikie mume wangu ni mlevi?"

"Mlevi anasimamishwa na chama wiki mbili, anachekwa, anarudishiwa mtumbwi wake. Mgonjwa wanamnyang'anya upondo siku hiyo hiyo, harudi tena. Nipe kiangazi hiki tu."

Akaomba asikanushwe, na akaahidiwa. Ahadi ile ilitimizwa kila siku, sokoni, kanisani na kwenye ngazi, huku wanawake wasiofagia vizuri hata kona zao wakimpa mkewe pole ya kuishi na chupa. Ilikuwa kazi nzito kuliko zote alizowahi kumfanyia mumewe, na hakuwahi kushukuriwa, kwa sababu mumewe aliona ni jambo dogo.

Tarehe 30 Mei hospitali iligundua uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Daktari alieleza waziwazi: "Mkono utashika vizuri tu, Mwalimu. Tatizo litakuwa kuachia." Kwa hiyo mtu aliyewafundisha watoto wa mji huu kuachia hakushindwa kwa pombe, kwa kiburi wala kwa uzee. Mkono wake haukupokea tena amri. Hakurudi mtoni. Kiangazi alichokiomba alikikaa dirishani, akiwakosoa wapiga upondo kwa sauti. Alifariki dunia nyumbani asubuhi ya Alhamisi, tarehe 3 Agosti 2023, akiwa ameushika mkono wa mkewe, na ilibidi Hedda asaidie kuufungua.

Ameacha mjane, Dokta Irmtraud Pfleiderer. Watoto wawili, Hedda na Volkmar. Wajukuu watatu, Runa, Silvan na Mechthild. Dada yake, Gudrun, mama yake Kilian. Na mtumbwi mmoja, ambao chama kinaombwa kiutunze bila utani. Bwana ampe pumziko tulivu, kwenye maji yasiyo na ukuta wa watazamaji.

Limebaki swali moja, ambalo baadhi yenu mmelileta hapa chini ya miavuli yenu: kama mkono ule ulikuwa mbovu kabla ya siku ile, na kama mke msomi wa dawa alijua na bado akamwacha abebe watu. Tangu Januari vifungo vya mashati ya marehemu vilikuwa vikifungwa na mkewe. Hilo linasemwa kwa sababu ni kweli. Alichokijua mkewe alipokuwa akivifunga ni habari ya watu wawili, mmoja anazikwa sasa hivi. Kahawa na keki vipo tayari ukumbini, na wote mnakaribishwa. Asiulizwe huko. Hatajibu.