Damu Haikufika Upande wa Kushoto

Bamama na babaa mulioko hapa na batoto benu ba SS, ule ugonjwa wa damu wa kurizi, asanteni kunikaribisha. Nitasema yangu mpaka mwisho. Machozi ikikuja, mutanivumilia.

Nilizaa batoto babili. Wa kwanza alikufa mbele ya kuanza masomo. Mifupa ilikuwa inamuuma, macho inageuka manjano, na hatukujua ni ugonjwa gani. Ku matanga, mama mukwe alisema mbele ya batu bote: «Huyu mwanamuke njo anakula damu ya batoto.» Bwana yangu alinyamaza. Munanisikia, bandugu? Alinyamaza.

Kisha ikafika zamu ya binti yangu, tayari mu troisième primaire, darasa la tatu. Asubuhi moja, ku mutaa wetu wa Kadutu, tukikunywa chai, kikombe ikamuponyoka. Nikamuambia aokote. Alitaka kujibu, mudomo ukaenda kando. Nilimubeba ku mugongo, nikashuka naye ile njia ya mawe, mvua inanyesha. Ku hospitali balimuokoa, bakapima damu: SS. Lakini mukono wa kuume ulibakia umelegea. Kurudi nyumbani, mama mukwe alikuwa ametupa nguo zangu inje.

Docteur mumoja, mwanamuke, akatutuma ng'ambo ya muto Ruzizi, mu inchi ya jirani, kwenye kuko IRM, ile mashini ya sumaku ya kupiga picha ya ubongo. Bakristu benzangu bakachanga pesa ya safari. Bwana yangu akakuja, sababu mutoto hakuweza kupita mupaka bila ruhusa ya baba.

Ile mashini inapiga kelele kama nyundo ku mabati. Habakumuchoma sindano. Docteur wa kule alitueleza: sumaku inatia alama mu damu yenyewe, ku shingo, kisha inaangalia ile damu inafika wapi mu ubongo, na inafika kiasi gani. Akatuonesha picha. Kuume, rangi inawaka. Kushoto, kwenye ubongo unaongoza mukono wa kuume, giza.

«Hapa pamekufa,» akasema. «Hapa kando, damu inafika kidogo sana, lakini pangali hai. Asipoongezewa damu kila mwezi, hata hapa patakufa.»

Bwana yangu akauliza: «Docteur, nani anakula hiyo damu?»

«Hakuna mutu, papa. Mushipa umebana. Huu ugonjwa, mutoto aliupata nusu kwako, nusu kwa mama yake.»

Bwana yangu akakaa chini ku ciment. Akataja jina ya mutoto wetu wa kwanza, mara moja, basi.

Hakuniomba musamaha. Hatuishi tena pamoja, na mama yake hanisalimie. Lakini damu yetu sisi babili, yenye kubeba ile nusu ya ugonjwa, haimufai mutoto, kwa hiyo kila mwezi yeye njo anatafuta batu ba kumutolea. Binti yangu anaandika na mukono wa kushoto. Polepole, lakini anaandika.

Nashukuru ule docteur wa kwanza. Nashukuru balionichangia, na bale bote banaotoa damu yao kwa mutoto basiyemujua.

Bamama, siku mutasikia «wewe njo unamukula», musibakie kujitetea. Mumubebe mutoto, muende kupima. Matusi itawangojea nyumbani. Mushipa haungojee.