Sura ya Kinyaa kwenye Kisanduku cha Spana

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Anayeosha vyombo aviache kidogo, avute kiti. Leo tunamkumbuka fundi wa pikipiki ambaye mtaa mzima ulimwita Kinyaa. Ndiyo, Kinyaa. Jina hilo alipewa na mkewe, tena kwa mapenzi, kwa sababu ya uso aliokuwa akiukunja kila aliposhikishwa chombo kibovu. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuta unywele kwenye chai.

Gereji yake ilikuwa uani kwake, bati juu, sakafu nyeusi kwa oili. Alitengeneza injini, alitengeneza breki, lakini watu walimfuata zaidi kwa jambo moja: kuwachagulia vifaa vya kubeba safarini. Vifaa vichache, vya kuingia chini ya kiti cha pikipiki. Na kwa Kinyaa hukuchagua kwa macho. Ulipiga magoti.

"Fungua gurudumu la nyuma," anakuambia. "Kwa hivyohivyo unavyotaka kubeba. Hapahapa."

Narudia ili tuelewane. Kwanza unafungua gurudumu, ndipo unachagua. Spana iliyofungua nati inaingia safarini. Ambayo haikugusa kitu inabaki nyumbani, hata kama inang'aa vipi. Muuza maziwa mmoja alikuja na sanduku zito la chuma. Akaondoka na spana tatu, bisibisi, koleo, vyuma viwili vya kubandulia tairi, viraka na pampu ndogo. Vyote vilifungwa kwenye kitambaa cha jinzi na kukazwa kwa kipande cha tyubu. Akanuna. Kinyaa akamwambia, "Nuna tu, baba. Pikipiki yako imeshanishukuru."

Mkewe anakumbuka maneno aliyokuwa akiwaambia wateja. "Alisema spana mbovu ni afadhali uikose. Ukiikosa, nati yako bado nzima, mpita njia atakusaidia. Lakini spana laini ikishazila pembe za nati, hata fundi akija atabaki kutukana tu. Umekwama, na giza linaingia."

Sasa, Kinyaa alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, mwenye duka la vipuri. Siku moja mdogo mtu akaja na kisanduku cha plastiki, vipande hamsini ndani, vinameremeta kama meno ya bandia. Akasema, "Kaka, sema tu kwamba ni vizuri. Watu wanakusikiliza wewe."

Kinyaa akatoa spana moja. Akaiweka kwenye nati, akaikaza. Spana ikapanua mdomo. Akasonya.

"Umeniletea vijiko, wewe?"

"Kaka, nani anafungua kisanduku? Watu wanataka tu kujua wanacho."

Mkewe anasema siku ile Kinyaa hakugusa chakula. Alikaa anafuta mikono kwa kitambaa, mikono ambayo ilikuwa safi tayari. "Anajua," alikuwa akisema. "Anajua kabisa, na anauza."

Haukupita muda, presha ikamwangusha. Alilazwa, na hakurudi. Fundi Kinyaa akatutoka.

Wasikilizaji wapendwa, hapa nitasema taratibu, maana nami nimechefuka. Msibani, baada ya maziko, mjane alikuwa amekaa mkekani na mashoga zake. Waendesha pikipiki walikuwa wamejaa uani. Akasikia katoni inapasuliwa. Harufu ya plastiki mpya ikamfikia pale alipokaa. Akainua macho. Shemeji yake alikuwa akigawa visanduku, bure, "ukumbusho wa marehemu." Na kila kisanduku kilikuwa na stika: sura ya mumewe, na chini yake maneno, Chaguo la Kinyaa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilitembezwa mpaka msibani, udongo wa kaburi ungali mbichi.

Mjane akasimama.

"Shemeji. Pikipiki ya kaka yako ile pale. Chukua kisanduku chako, ufungue gurudumu la nyuma."

"Shemeji, jamani, tuko msibani."

"Najua tuko wapi. Piga magoti."

Akapiga magoti, na suruali yake ya msiba. Akaweka spana, akavuta, ikateleza. Akavuta tena, ikateleza tena. Pembe za nati zikalika zote, ikabaki mviringo kama kifungo cha shati. Hapo mdogo mtu akaangua kilio.

"Hakuwahi kuniambia nimefanya vizuri. Hata mara moja! Nilitaka jina lake likae na kitu changu."

"Lia, shemeji," mjane akamwambia. "Nitalia na wewe. Lakini hiyo sura itoke."

Mdogo mtu akakaa chini anazibandua stika kwa kucha, mojamoja. Alibandua zilizokuwa kwenye katoni. Lakini baadhi ya waendesha pikipiki walikuwa wameshapewa na kuondoka. Na binti wa marehemu, alipokwenda kufunga geti, alikuta mafurushi matatu ya jinzi yametupwa kando ya ukuta. Watu wazima, waliochaguliwa vifaa na Kinyaa mwenyewe, walitoa vyuma vya kweli chini ya kiti ili vijiko vipate nafasi. Kwa kuwa vinang'aa! Na kwa kuwa vina sura yake.

Kwa mjane, pole sana, mama. Kwa binti, pole. Kwa mdogo wa marehemu pia pole, maana naye kafiwa na kaka, na hilo stika hailiponyi. Sisi tuliobaki tujiulize ni vitu vingapi tunavibeba kwa sababu tu vina jina la mtu tuliyemwamini.

Na nyinyi watatu, mnajijua. Pengine mmoja wenu ananisikiliza sasa hivi, kesho ana safari ndefu. Mjane amewawekea mafurushi yenu mlangoni, na ametupa ujumbe huu tuwafikishie: "Sitamsema mtu. Aje tu, kabla hajapata pancha."