Miti Minne ya Mpaka: Maisha ya Marehemu Protase Buberwa, Mtunza Bustani ya Kasri

Mwaka ulikuwa 1899, Jumapili ya tarehe 12 Machi, siku ya nne ya mvua isiyokatika, Protase Buberwa alipozaliwa Muleba, katika kibanja cha babu yake, ekari mbili za migomba na kahawa.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1909 hadi 1913, kisha akatumika miaka minane katika bustani ya mapadre. Tarehe 6 Mei 1922 alifunga ndoa na Ephrasia Kokubanza, wakajaliwa watoto wawili, Datius, aliyefariki kwa surua tarehe 2 Agosti 1926 akiwa na miaka mitatu, akazikwa kibanjani kando ya babu yake, na Joviana, ambaye tuko naye hapa.

Mwaka 1928 mwenye kasri la mawe lililopakana na kibanja hicho alizungushia bustani yake ukuta wa futi tisa, na kwa kuwa ardhi ile ilihesabiwa kuwa nyarubanja, yaani mali ya mkubwa na si ya mkulima, ekari zile mbili na makaburi yake zikabaki ndani, Protase na mkewe wakabaki nje. Alipoitwa kuwa mtunza bustani alikubali siku hiyohiyo, maana mtunza bustani ndiye mwenye ufunguo, na kwa miaka ishirini na tisa alikuza waridi na kabichi za wageni, na kila Jumamosi akapalilia kaburi la Datius.

Juni 1931 aliagizwa kunyoosha njia za bustani, na kwa kuahidiwa kwamba makaburi hayataguswa, aling'oa kwa mikono yake, katika asubuhi moja, miti minne ya omulamula iliyoonyesha mpaka wa kibanja, akidhani ukuta umetosha kuwa alama ya mpaka. Mchana ule Kokubanza, akimenya ndizi, alimwambia kuwa Baba Datius leo amewafukuza mashahidi wake wote wanne, na mumewe akacheka.

Alipodai kibanja barazani, wazee walimtaka jambo moja tu, awaonyeshe omulamula, naye hakuwa na hata mti mmoja wa kuwaonyesha, na tarehe 17 Agosti 1950 akashindwa.

Februari 1957 alianza kukohoa damu, akanyang'anywa ufunguo, na ombi lake la kuzikwa kando ya Datius likakataliwa mara tatu, mara ya mwisho ikiwa jana asubuhi. Alifariki nyumbani kwa Joviana, hapa Rwamishenye, Jumanne tarehe 4 Novemba 1958, akiwa na umri wa miaka 59, miezi 7 na siku 23.

Familia inawashukuru madaktari na masista waliomhudumia, majirani waliochimba kaburi hili katika matope, na watunza bustani wenzake, waliofika leo kutoka Muleba na kikapu cha udongo wa kaburi la Datius, ambao tutamwekea kichwani.

Lala kwa utulivu, Baba Datius. Kutoka kaburi hili hadi la mwanao, asubuhi ile ya Juni imegharimu maili arobaini na moja.