Ugonjwa wa Yule Bwana wa Bima

Benchi letu liko nje ya duka langu la ushoni hapa Ukunda, upande wa barabara inayoteremka kwenda Diani. Alasiri ikishasaliwa, Abdurahman huja na buli lake la kahawa na jiko la makaa, na mimi huondoka kwenye cherehani, kwa sababu kuanzia hapo hakuna kazi itakayofanyika. Sefu hutoka kazini kwenye hoteli moja ya ufukweni. Ameosha shuka za wageni miaka mingi mpaka tumemwita Daktari wa Shuka, maana husema akikunjua shuka moja tu anajua ndoa ya mtu imefika wapi. Nzai huuza madafu, lakini hujibu kila swali kana kwamba kuna waandishi wa habari mbele yake, kwa hiyo yeye ni Waziri. Na Chirau, anayewatembeza watalii kwenye mwamba bahari ikikupwa, ni Bwana Harusi. Ameoa mara nne. Wake wote wanne wako hai na hakuna hata mmoja aliye nyumbani kwake.

Jumatatu ninayoisimulia tulikuwa na habari moja tu, filamu tuliyoitazama Jumamosi. Hoteli ya Sefu ilikuwa na wiki ya maonyesho, na wafanyakazi waliruhusiwa kuleta jamaa zao bure. Bango lilikuwa na kitanda kilichovurugika na viatu vyekundu vya kike. Chini yake paliandikwa kwamba ni kisa cha mtu aliyetawaliwa na uraibu wa ngono, watoto wasije. Sefu alipotuletea habari hiyo, sote tulinyoa ndevu. Chirau alijitia mafuta ya udi. Tukakaa safu ya mbele kabisa, Jumamosi mchana, na kwa muda wa saa mbili tukamtazama karani wa bima, mtu wa makamo mwenye mke na gari zuri, akiingia vyumbani kwa wanawake asiowajua na kutoka na uso wa mtu aliyefiwa. Mlango ukifungwa, kamera inabaki nje. Alioga mno. Alilia ndani ya gari lililoegeshwa. Mwishowe alisimama mbele ya nyumba yake mwenyewe, ufunguo mkononi, taa ya ndani ikazimwa, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

— Tuliibiwa, akasema Waziri, akipokea kikombe cha kwanza. Nilisema Jumamosi na leo narudia mbele ya umma.

— Uliibiwa nini na uliingia bure? nikamuuliza.

— Niliibiwa matarajio.

— Matarajio gani? akadakia Chirau. Mbona ulikuwa umejifunika uso kwa kofia tangu mwanzo?

— Nilimwona shangazi wa mke wangu safu ya nyuma.

— Naye alifuata nini?

— Sikumwuliza. Na yeye hakuniuliza. Tumeelewana hivyo.

Sefu akaweka kikombe chini taratibu, kama afanyavyo akitaka tujue kwamba sasa anazungumza mtaalamu.

— Nyinyi mnacheka, lakini yule bwana ni mgonjwa.

— Mgonjwa gani asiye na homa? akauliza Waziri. Malaria unatetemeka. Sukari unakwenda haja kila saa. Huo wake unafanya nini?

— Unafanya hayo uliyoyaona.

— Basi hata mimi nikiupata nitalazwa?

— Ukilazwa, akasema Chirau, wauguzi wataomba uhamisho.

— Na mbona ugonjwa wenyewe hauwapati maskini?

— Unawapata, akajibu Sefu. Ni vile tu hakuna anayewatengenezea filamu.

Waziri hakupenda hilo. Akageuka upande wangu, kwa kuwa mimi ndiye nisiyekuwa na kelele.

— Fundi, wewe una akili. Mimi nilimchunguza yule mtu tangu mwanzo hadi mwisho. Hakushika jembe hata mara moja. Hilo ndilo tatizo lake. Mlete Kombani nyumbani kwangu, apalilie mihogo tangu alfajiri mpaka adhuhuri, halafu mpelekee huyo mwanamke wa viatu vyekundu. Atamwomba maji ya kunywa, basi.

— Wewe unalima, nikamwambia. Una watoto wangapi?

— Tisa. Lakini hao ni wa kiangazi. Kiangazi hakuna palizi.

Abdurahman mwenyewe, ambaye huwa hachangii, alilazimika kulishikilia buli kwa mikono miwili.

— Mnapotea, akasema Sefu. Kumbukeni vizuri. Mtu anaoga kila mara. Hacheki. Chakula hamalizi. Anaamka asubuhi amechoka kama aliyebeba magunia. Mkewe akimgusa bega, anaruka. Hizo ni dalili za nini? Ni jini mahaba huyo. Wa kike, tena mwenye wivu.

— Ana wivu na anamwachia aende kwa wanawake wengine? akauliza Chirau.

Sefu akanywa kahawa kwanza.

— Hayuko peke yake. Ni wengi. Wanapokezana zamu.

— Wamemwingilia wapi?

— Kwenye godoro. Lile godoro la kwenye filamu si jipya, nimeliona kwa macho yangu kabla mlango haujafungwa, lina bonde katikati. Hotelini wakiuza magodoro yao ya zamani, watu wanapigana. Mimi sichukui hata la bure. Wamelala pale watu wa kila nchi, na kila mmoja ameacha hamu yake mle ndani. Wewe unalala juu yake ukidhani umepata raha, kumbe umelalia hamu za dunia nzima.

Najua kila mmoja wetu alikuwa akilikumbuka godoro lake alilinunua wapi.

— Mimi nadhani ni simu, nikasema. Haikumtoka mkononi.

Simu ilikuwa hoja nyepesi mno kwa alasiri ile.

— Jambo lenyewe ni chakula, akasema Chirau. Hamkuona sahani yake? Kila siku anakula hotelini, na kila siku ni pweza. Supu ya pweza ni dawa, mtu anakunywa kwa kipimo. Ukiinywa kama chai, utajikuta unapendana na nguzo ya umeme.

— Zile zilikuwa tambi, akasema Waziri.

— Tambi zenye mikia?

— Na huko kwao pweza watatoka wapi? Kuna baridi kule. Watu walikuwa na makoti.

— Pweza wa baridi ndiye mbaya zaidi. Nguvu zake hazitoki kwa jasho.

Waziri akakubali kwamba hapo pana hoja, kisha akaiongezea yake: kwamba baridi inakaza damu kichwani, damu ikikosa nafasi inashuka, na ndiyo maana serikali ingefanya vizuri kupiga marufuku viyoyozi kwenye ofisi za bima. Sefu akasema majini pia wanapenda viyoyozi. Wakawa wamepatana, jambo ambalo si la kawaida.

— Sasa wewe, Bwana Harusi, akasema Waziri, ile filamu yako itaonyeshwa lini?

— Mimi na yule ni mbali sana, akajibu Chirau. Mimi ninaoa. Napeleka posa, kadhi anakuja, mashahidi wanakaa, watu wanakula pilau. Hata jirani anafaidika. Yule bwana jirani yake alifaidika nini?

— Na huyu wa nne ulimwacha kwa nini?

— Alianza kunijua.

Alicheka yeye kwanza, na sisi tukamfuata. Tulikuwa bado tunacheka Kahaso alipotokea. Ni mama wa kiasi cha miaka thelathini na mitano, anauza kunde na mchicha pale sokoni, na alikuwa amekuja kuchukua gauni aliloniletea nilipunguze kiuno.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitika, na kila mtu akajiweka sawa kwenye benchi.

— Nimewakatizia mazungumzo.

— La, mwanangu, akasema Sefu. Tulikuwa kwenye habari za madafu.

— Madafu ya kwenye godoro?

Sefu akainama kutafuta kitu chini ya benchi. Hakukuwa na kitu.

— Nimewasikia tangu pale kona, akasema Kahaso. Nilisimama kwanza nikasikiliza. Nina swali, kama mtaniruhusu.

— Swali linaruhusiwa, akasema Waziri.

— Huyo mtu wa filamu. Akitaka kuacha, aende wapi?

Aliliuliza kama anayeulizia gari la Lunga Lunga linapakia upande gani. Waziri alikuwa na jibu tayari.

— Shambani. Jembe litamtuliza.

— Shamba tunalo. Analima mpaka viganja vinatoka malengelenge. Akirudi anaoga, anabadilisha shati, anatoka.

Sote tulikuwa tumelisikia lile *tunalo*.

— Kuna mtaalamu mmoja huko Msambweni, akasema Sefu, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. Anawatoa majini.

— Alikwenda. Alifukizwa ubani, akaogeshwa majani. Alitulia wiki moja.

— Na kanisani? akauliza Waziri.

— Mchungaji alimwombea vizuri sana. Jumapili iliyofuata akayatia kwenye mahubiri. Jina hakulitaja, lakini kila mtu aligeuka kututazama.

Nikaona sasa ni zamu yangu, maana yeye alikuwa mteja wangu.

— Mngekwenda hospitali, mama.

— Tulikwenda, Fundi. Pale dirishani wanakuuliza unaumwa wapi, na nyuma yako kuna foleni ya watu wa kijijini kwenu. Alisimama akatazama lile dirisha, kisha akasema anaumwa kichwa. Tukapewa tembe za kichwa tukarudi nazo.

Makaa yalikuwa yamebaki majivu. Abdurahman aliinamisha buli juu ya kikombe cha Sefu, yakatoka mashapo matupu.

— Aliniuliza yeye mwenyewe, akaendelea Kahaso. Tulikuwa tumekaa tunachambua kunde. Akasema, Kahaso, nimechoka kuwa hivi, watu kama mimi huenda wapi? Nikamwambia sijui, lakini nitakuulizia. Nikawafikiria nyinyi. Nikasema wale wazee wanakaa pale kila siku, wanazungumza kila jambo. Hawatakosa kujua.

— Na wewe huna hasira naye? akauliza Sefu.

— Ninayo, baba. Ninayo nyingi. Lakini hasira yangu haijui njia. Kwanza nijue pa kumpeleka.

Niliingia ndani nikalikunja gauni polepole kuliko lilivyohitaji, nikitumaini kwamba nitakapotoka mmoja wao atakuwa amesema neno. Nilipotoka walikuwa vilevile, wanne, vikombe mikononi. Kahaso akalipokea gauni, akaliangalia kiuno, akasema nimelipatia. Akatuaga kwa heshima zote, bila kutucheka na bila kutulaumu, na hilo ndilo lililotuchoma.

Alikuwa amekwisha kupita kibanda cha mwenye kuuza vocha Chirau aliponyanyuka. Alijaribu kushusha sauti, lakini barabara ilikuwa tulivu na sote tulimsikia.

— Dada. Ukipata pa kwenda, nipitishie habari na mimi.

— Ni kwa ajili ya nani, kaka?

Chirau hakugeuka kututazama.

— Ni kwangu mimi.

Kahaso alilihamisha gauni kutoka mkono mmoja hadi wa pili. Hakuonyesha kushtuka. Nadhani alikuwa amekwisha kuzoea kusikia maneno hayo kwa sauti ya mwanamume.

— Jumapili mume wangu hushinda nyumbani, akasema. Njoo. Naye pia hajui pa kwenda, lakini angalau hutahitaji kumweleza unaumwa wapi.

Akaenda zake. Chirau alirudi akaketi mahali pake, akaweka mikono magotini. Waziri alitazama ndani ya kikombe chake, akakuta pamebaki funda moja, akamsogezea.