Viti Vitupu vya Wakazi wa Kiwanda cha Kamba

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa kampuni iliyonunua jengo hili, shikamoo. Sisi wakazi wa orofa ya juu ya kilichokuwa kiwanda cha kamba za mkonge, hapa Mwembesongo, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Viti vingi unaviona havina watu. Si dharau, tutaeleza.

TULIKOTOKA
Kiwanda kilipofungwa, menejimenti ya zamani ilituruhusu wafanyakazi tuhamie juu, pale mashine ziliposimama. Kuta hakuna. Chumba cha mtu ni kanga na magunia. Hodi unalipigia pazia. Ukinuniana na mkeo usiku, asubuhi orofa nzima inakupa pole.

MAFANIKIO
Tumeziba paa, tumevuta maji, na milima ya Uluguru tunaitazama dirishani bure. Dada Filomena, msokotaji wa zamani, ameanzisha chekechea.

MATATIZO
Wenzetu wa ghala la jirani, ambalo nalo ni lako, walialikwa kama sisi leo: washuke wote na watoto, wapokee ugeni. Wakashuka, wakapiga makofi. Kurudi, mlango una kufuli jipya, vyombo viko ndani. Mpaka sasa wanalala stendi ya Msamvu.

Ndiyo maana sisi hatushuki wote. Asubuhi mwenyekiti wetu, Mzee Stambuli, alimbembeleza Filomena:

"Shuka, mwanangu. Mgeni atatuonaje?"

"Atawaona nusu, baba. Nusu nyingine tuko juu na miiko mkononi."

"Kuna sambusa."

"Nibakizieni. Watoto wangu siwapeleki stendi mie."

Sasa hivi yuko pale dirishani, anasikia kila neno. Tafadhali usipunge mkono, atadhani unawaita walinzi.

(Aya hii tumeiongeza kwa kalamu.) Dereva wako alipofungua buti kushusha soda, tumeona makufuli mawili, bado yamo kwenye maboksi yake.

MAOMBI
Jengo ni lako, hatubishi. Tunaomba utukubali tuwe wapangaji, kwa maandishi. Kama hutaki, litamke hapa kwenye kipaza sauti, watoto wakisikia, utupe muda tutoe vyombo vyetu kwa mikono yetu.

La mwisho ni dogo. Kabla ya hotuba yako, Mzee Stambuli atasogea mbele na sinia. Tunaomba umwekee yale makufuli. Tutayapokea kwa vigelegele, na sisi tulioshuka hatutapanda ngazi wala kukaa mpaka tuyasikie yakigonga sinia.

Mungu akupe afya, na moyo wa kusikia.

Ni sisi,
Wakazi wa Orofa ya Juu, Kiwanda cha Kamba,
Morogoro.