Profesa Aliyetufungulia Chumba cha Watoto

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Kazi, karibu kiwandani kwetu. Utuwie radhi kwa joto. Tumezima feni ili usikie kila neno. Umekuja kuzindua jengo jipya la ushonaji, nasi tunashukuru. Ila hatukufichi, tumesimama hapa roho mkononi.

MAMA YAKE ALIKUWA MWENZETU

Yule mama wa mstari wa nne, mwenye miwani ya kamba, unamjua. Alikufundisha uchumi wa kazi na ajira chuo kikuu. Sisi tunamwita Dada Kwanini, maana hamalizi kikombe cha chai bila kukuuliza jambo.

Mama yake alishona vifungo hapa hapa. Alfajiri alifunga mlango kwa nje, akamwachia binti yake, ndiye huyu Dada Kwanini, wakati huo mtoto wa darasa la pili, mdogo wake anayenyonya. Siku moja jiko la mafuta ya taa likapinduka. Majirani walivunja mlango. Binti alitoka na mkono ulioungua. Mdogo wake hakuwahiwa. Baada ya mazishi mama alirudi kwenye vifungo, kwani angefanyaje? Na binti akashika vitabu kama mtu anayefukuzwa.

TULICHOKIPATA KWAKE

Alipopata shahada ya uzamivu, alirudi hapa kufanya utafiti. Uongozi wa wakati ule ulisema wanawake wakishazaa wanakuwa wavivu, ndiyo maana wanaacha kazi. Yeye aliwafuata walioacha hadi majumbani mwao. Karibu wote walimpa jibu moja: hawakuwa na pa kumweka mtoto.

Siku ya kikao meneja alimuuliza, "Daktari, umetuletea hesabu au huruma?"

"Hesabu," alijibu. "Kila fundi anayeondoka, mnaanza kumfundisha mwingine kushika sindano. Lakini mkitaka na huruma, ninayo."

Akakunja mkono wa gauni, akawasimulia habari ya lile jiko.

Chumba cha watoto kikafunguliwa nyuma ya ghala. Mafundi wakabaki, viwanda vingine vikaiga. Yeye akapanda hadi uprofesa, akaitwa kufundisha nchi za mbali, akaongoza taasisi. Hata hivyo kila akija hapa hupitia kwanza kwa watoto, ndipo anakwenda kusalimia ofisini.

LINALOTUNYIMA USINGIZI

Mheshimiwa, jengo unalolizindua limekimeza chumba hicho. Vitanda vya watoto vimerundikwa stoo. Tukiuliza, tunaambiwa, "Mtafanyiwa utaratibu." Utaratibu gani? Hapo kila bosi anakumbuka kuangalia simu yake.

Tunashona huku masikio yetu yakiwa nyumbani. Simu ikilia, mtu anajidunga sindano. Na mwenzetu mmoja wa kitengo cha kola ameshaanza kufunga mlango kwa nje.

Profesa alipoambiwa hilo, alikaa kwenye benchi la korido. "Nilidhani haya yamekwisha," alisema.

Tukamwambia, "Dada, si umpigie Waziri? Ni mwanafunzi wako yule."

"Simpigii. Nilimfundisha apime jambo lenyewe, asitazame sura ya anayeomba."

"Basi tutamwambia sisi."

"Mkinitaja mimi, nitatoka ukumbini."

Tumemtaja. Bado yupo, ingawa anatukata jicho. Mwanawe wa kike anatuambia siku hizi hali wala halali, anazunguka tu sebuleni akiusugua ule mkono. Profesa, tusamehe. Tumeshindwa kunyamaza.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, hatupingi jengo. Mashine mpya tunazitaka, na kushona tutashona. Tunaomba tu chumba kingine kifunguliwe kabla mashine hizo hazijawashwa. Tena tunaomba utamke hapa, mbele yetu na mbele ya uongozi, kabla hujakata utepe. Yakisemwa baadaye ofisini, kwetu hayafiki.

Tunajua ni mzito mzigo tunaokutwisha mbele za watu. Tungekuwa na mahali pengine pa kusemea, tusingekuaibisha hivi. Tukimaliza hapa tunakuachia kipaza sauti, nasi hatutapiga makofi mpaka tukusikie.

Mungu akupe kauli iliyonyooka, akulinde wewe na wanao, popote walipoachwa asubuhi ya leo.

Ni sisi,
Mafundi wanawake wa kiwanda hiki, wenye watoto na wanaowatarajia.